Kidole cha Kati cha Mkono wa Kushoto

Mama mkwe aliifungua fanta kwa meno, akaipangusa mdomo kwa ncha ya kitenge chake, akanitilia mrija, kwa sababu mkono wangu wa kushoto ulikuwa umefungwa bendeji mpaka kifundo na wa kulia ulikuwa umembeba mtoto wetu, Shadia. Kreti nzima ilikuwa imewekwa juu ya mkeka, katikati ya chumba, zote za machungwa, maana alikumbuka kwamba mara ya kwanza nilichagua ya machungwa. "Kunywa, mukwe wangu," akasema. "Kunywa, ii neno iishe, watu waende kupika." Mjomba wa mume wangu alikaa kwenye stuli karibu na mlango, kofia juu ya goti, anaangalia saa. Na mume wangu mwenyewe, Haruna, mtu aliyenivunja kidole siku ya Alhamisi, alikuwa kwenye ukingo wa kitanda na gitaa lake mapajani, anakaza waya wa noti ya sol. Ting, ting, ting. Sikio ameliinamisha, macho ameyafumba, ametulia kama fundi aliyeitwa kutengeneza redio ya watu.

Niliipokea chupa kwa vidole vya mkono ule ule wa kulia. Mama mkwe akashusha pumzi. Nikamkabidhi Shadia, akampokea kwa bashasha, akidhani ninataka kunywa vizuri. Nikaukanyaga mkeka, nikasimama mbele ya Haruna, nikaipindua chupa ndani ya tundu la gitaa. Chupa ya fanta haimwagiki haraka, inagugumia kama mtu anayekabwa, na mimi nilingoja. Povu la machungwa likapanda kati ya nyuzi, likamshukia kwenye suruali. Ilipokwisha nilimgeukia mama mkwe nikamwambia, "Fungua ingine."

Asiyeijua fanta hiyo nimweleze. Kwa wanaokunywa pombe ni kreti ya bia; kwetu sisi Waislamu wa Buyenzi na Kinama, mitaa ya Bujumbura, ni fanta. Mwanamume akishapiga, ukoo wake unakuja na kreti, mnakaa, wakubwa wanasema maneno mawili matatu, aliyepigwa anakunywa mbele ya wote. Akishakunywa imekwisha. Hata kama jino liko mfukoni bado, imekwisha. Mara ya kwanza sikulijua hilo sawasawa. Midomo ilikuwa imepasuka, nilikuwa ninanyonyesha, kulikuwa na jua la kuua mtu, na mtu akaniletea kitu baridi. Nikanywa. Wiki iliyofuata nilipokwenda kwa shefu wa katiye, mkuu wa mtaa wetu, kumwambia kwamba Haruna ameanza tena kunitishia, aliniuliza jambo moja tu: "Mama Shadia, ulikunywa?" Nikasema nilikunywa. Akafungua mikono yake yote miwili, hivi, kama mtu anayeonyesha kwamba hana kitu. Ndiyo maana chupa ya mara hii ya pili ilibidi iende mahali pengine popote isipokuwa kooni mwangu.

Shadia ana miaka saba sasa. Juzi alikishika kidole changu akajaribu kukinyoosha, akauliza kwa nini hakinyooki. Nilimwambia kwamba nitamwandikia. Na jana, kwenye harusi ya binamu yangu, nikiwa nyuma ya hema ninapakua pilau, nilimsikia baba yake akiimba kwa spika wimbo nilioutunga mimi. Bado anaupiga vibaya. Miaka yote hii, na bado anaweka fa majeur, inayong'aa, pale panapotaka fa mineur, yenye kivuli. Nilisimama na upawa mkononi nikatamani kumpiga nao kichwani mpaka uingie fa mineur. Sikwenda. Nilimaliza kupakua, nikarudi nyumbani, nikaanza kuandika haya.

Mwaka ule tulikuwa na chumba kimoja Kinama, katika ua wenye vyumba sita, choo kimoja na bomba lililotoa maji likijisikia. Nyuma ya ukuta kulikuwa na baa. Kutoka mchana mpaka wafunge, muziki wa baa ile ulikuwa unaingia chumbani mwetu kana kwamba umelipa kodi. Haruna alikuwa mpakiaji kwenye depo huko Katiye Endistriyele, mtaa wa viwanda, na wikendi alikuwa mtu mwingine: mpiga solo wa bendi ya harusi, shati limepigwa pasi, miwani hata ndani ya nyumba. Gitaa lilining'inia kwenye msumari juu ya kitanda. Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa, diploma ya sekondari ndani ya begi, mtoto kwenye titi, na siku nzima ya kukaa. Nililishusha gitaa siku ya kwanza ili nifute vumbi. Huo ndio ukweli. Siku ya pili vumbi halikuwepo.

Aliyenionyesha njia ni Aline wa chumba cha mwisho, mwalimu wa maternelle, shule ya chekechea, mpiga gitaa wa kwaya ya kanisa lake, mwanamke mfupi mwenye sauti ya dereva wa lori. Alinisikia nikigongagonga nyuzi akaja na sufuria yake ya maharage, akaketi mlangoni anachambua. "We unaua hiyo kitu," akasema. "Unapenda wimbo gani?" Nikamtajia rumba moja ya zamani iliyokuwa inapigwa kwenye baa karibu kila siku, ile ambayo mlevi mmoja alikuwa anailia kila inapofika mahali fulani. "Basi usijifunze gitaa," akasema Aline. "Jifunze hiyo wimbo. Ipasue. Kwanza tafuta fasi inakaa kitako." Ili nipate mahali hapo, akaniambia niimbe pamoja nayo kwa mdomo umefungwa, mmm, noti moja tu, nishuke na kupanda mpaka nipate ile ambayo wimbo unaweza kukoma juu yake bila mtu kuuliza mbona umekoma. Hiyo ndiyo nyumbani. Nikaipata. Ilikuwa do. Nililia, nisidanganye, na maharage yangu, yaliyokuwa motoni, yakaungua.

Baada ya hapo sikulala vizuri tena, kwa raha. Aline aliniletea chaki za shule yake, na kwa kuwa chumba kilikuwa na kuta za udongo zisizoandikika, niliandika kwenye mgongo wa mlango wetu wa chuma. Wimbo wa kwanza, safu ya kwanza, akordi zake, yaani noti zinazopigwa kwa pamoja: do, la mineur, fa, sol. Nikasikiliza besi peke yake, sikio nimeligandamiza ukutani upande wa baa, maana besi ndiyo inayosema ukweli, waimbaji wanapamba tu. Nikapasua na kaswida tuliyokuwa tunaimba madrasa, nikakuta inakaa juu ya akordi mbili inazizunguka kama ng'ombe wa kamba, na bado inatosha. Nikapasua wimbo wa kwaya ya Aline, nikakuta sol yao ina noti ya saba iliyochomekwa ndani inayokuvuta kurudi do kwa nguvu, hata ukiwa hutaki. Nikapasua tangazo la sabuni la redio. Lilikuwa ni rumba ile ile, imevuliwa nguo. Nilicheka peke yangu mpaka Shadia akaanza kucheka naye. Jioni, kabla Haruna hajarudi, niliufuta mlango kwa kitambaa chenye maji na kulirudisha gitaa kwenye msumari wake.

Kisha nikafika mahali mlevi anapolia. Nilikuwa nimeiandika fa, na fa ilikuwa sawa, lakini nikipiga mimi hailizi mtu. Nikamwita Aline. Akasikiliza mara moja, akanishika mkono wa kushoto uliokuwa umebana fa yote, akakiinua kidole changu cha kati, hicho tu, vingine vikabaki. "Piga." Nikapiga. Fa mineur. Ndani ya fa kuna noti inaitwa la. Ukikiinua kidole kile inashuka hatua moja ndogo, na nyumba nzima inaingia kivuli halafu wimbo unarudi do kana kwamba hakuna kilichotokea. "Kidole moja," nikasema. "Kidole moja," akasema Aline. "Watu wote wanakaza vidole. Kuumiza ni kujua ya kuinua." Alikuwa anatafuna ndizi wakati anasema hayo. Sikuwahi kusikia jambo kubwa kama lile kutoka kwa mtu mwenye mdomo umejaa.

Haruna alipogundua, alifurahi. Watu hawaniamini nikisema hivyo, lakini alifurahi, miezi kama miwili. Aliwaita wenzake: "Muone muke wangu, anapiga gitaa na mutoto mugongoni." Nilikuwa kichekesho cha nyumba. Kilichomchoma ni majina. Haruna alijua kupiga, mkono wake ulikuwa mtamu, hilo sitamnyima, lakini hakujua anapiga nini. Alikuwa anajua ni "kushika hivi" na "kushika hivi". Siku moja tunakula, ugali na lengalenga, nikamwambia kwa nia njema kabisa kwamba wimbo ule wanaofungulia harusi una akordi nne na yeye anapiga tatu, la mineur anairuka. Alinyanyua sufuria ya mboga akaitupa ukutani, halafu akanipiga kwa kiganja mpaka nikaona mwanga. "Ndani ya nyumba yangu," akasema, "apana kunihesabia." Hiyo ndiyo mara ya kwanza. Hiyo ndiyo fanta niliyokunywa.

Wimbo wangu niliutunga baada ya hapo, midomo ikiwa bado na kigaga. Sitasema nilikuwa na huzuni. Nilikuwa na hasira, na hasira ikiwa na mtoto mgongoni inakuwa ya polepole, inapata muda wa kuchagua maneno. Ulikuwa wa kumbembeleza Shadia. *Lala mwanangu, nyumba yetu ina mlango mmoja.* Do, la mineur, fa, na kwenye neno mlango, nainua kidole. Basi. Mtoto anasikia wimbo wa kulala, na mtu mzima aliyewahi kuishi chumba cha mlango mmoja na mwanamume amesimama mbele yake anasikia kitu kingine. Aline alipousikia aliacha kufua. Alisimama pale na povu mpaka viwiko, akasema, "Ee, Mama Shadia. Iyo utaificha?" Nikasema sifichi. Sikuuficha. Nilikuwa nauimba mchana kutwa uani, na Haruna alikuwa na masikio.

Alhamisi ile bendi ilifanya mazoezi kwetu kwa sababu mwenye chumba chao alifiwa. Nilikuwa nje ninakaanga ndagala, dagaa wa ziwani, Shadia amelala kwa Aline. Nikasikia do, la mineur. Nikasikia sauti ya Haruna: *Lala mpenzi wangu, nyumba yetu ina mlango mmoja.* Mpenzi. Na kwenye mlango, fa majeur, pana, inang'aa, kama mlango wa duka. Nikamsikia mpiga besi akiuliza, "Iyo ya nani? Iko tamu." Na Haruna: "Yangu. Niliitunga kazini, juzi." Ningeweza kuvumilia wizi. Nasema kweli, mtu aliyeniibia usingizi, uso na chakula angeweza kuongeza na wimbo. Lakini alikuwa ameukanyaga pale pale unapopumua. Niliingia na kijiko cha mafuta mkononi nikasema, "Pale kwa mlango, inua kidole cha kati."

Mpiga besi akaanza kucheka. "Haruna, muke anakufundisha?" Na mpiga ngoma: "Ebu mupe tuone." Haruna akanipa gitaa, anatabasamu. Niliketi, nikaupiga wote, na maneno yake ya kwanza. Ulipofika mlango nikainua kidole, na mpiga besi akaacha kucheka, akapiga ulimi: "Aa. Njo ile." Ndiyo yenyewe, maneno mawili. Haruna alikubali kwa kichwa. Wakaendelea na nyimbo nyingine, wakanywa chai yangu, wakala ndagala zangu, akawasindikiza mpaka barabarani. Nilimsikia huko nje anawatania kuhusu timu yao ya mpira.

Aliporudi hakuwa na hasira. Hapo ndipo nataka Shadia aelewe siku atakayosoma. Watu wanapenda kusema alishikwa na hasira, kana kwamba hasira ni malaria. Alikuwa mtulivu. Alifunga mlango nusu, akaniita, "Kuya hapa," nikaenda, maana nilidhani anataka kuniuliza juu ya akordi. Akanishika mkono wa kulia. Akautazama. Akauachia. Akanishika wa kushoto, akavitenganisha vidole kimoja kimoja kama mwanamke anayechagua mihogo sokoni, akakichukua cha kati, akakiweka upande wa bawaba, na kuusukuma mlango kwa bega. Mlango ulikuwa bado na chaki zangu, siku ile nilikuwa sijafuta. Nililia kwa sauti ambayo sijui iko kwenye gamme gani, ngazi gani ya noti. Baa nyuma ya ukuta hawakupunguza muziki. Alifungua, akautoa mkono wangu polepole, akasema, "Sasa inua."

Kwenye kituo cha afya muuguzi aliuliza nimefanya nini, na Haruna, aliyekuwa amenishika kiuno kama bwana harusi, akajibu kabla yangu: "Mulango. Upepo." Muuguzi akaandika upepo. Hakukuwa na upepo Bujumbura siku ile, hata jani la mgomba lilikuwa limekufa ganzi. Walinifungia kijiti, nikarudi, nikangoja kreti, kwa sababu nilijua inakuja.

Jumamosi kreti ilikuja. Baada ya chupa ile niliyoimimina kwenye gitaa, ya pili mama mkwe hakunifungulia. Alimrudisha Shadia mikononi mwangu kana kwamba ametoka kwa moto, akasema, "Uko na wazimu. Iyo gitaa ni ya kazi yake." Nikamwambia, "Na ii kidole?" Mjomba akavaa kofia yake. "Hajakunywa," akasema, kwa sauti ya mtu anayesoma bei. Akamgeukia mama mkwe: "Zaina, huyu muke hajakunywa." Ndipo Haruna alipoelewa, nadhani, maana alisimama, na gitaa likamwagika fanta sakafuni, na akanijia. Aline alikuwa tayari mlangoni na mchi wa kisamvu begani. Hakuunyanyua. Alisema tu, "Baba Shadia, mi siko muke wako." Nilipita chini ya mkono wa Aline na mtoto, sina viatu.

Kesho yake asubuhi polisi waliniketisha kwenye benchi pamoja na mtu aliyeibiwa mbuzi. Aliyenipokea alikuwa afisa wa makamo, shati limefungwa mpaka kooni, kalamu mbili mfukoni. Aliuliza kwa Kiswahili na kuandika kwa Kifaransa. Nilieleza. Aliandika kidogo kuliko nilivyoeleza. Nikainama, nikasoma karatasi ikiwa kichwa chini: *dispute conjugale*. Ugomvi wa mke na mume.

"Futa hiyo, shefu," nikasema.

Akaniangalia. "Unasoma?"

"Ninasoma. Futa. Hatukugombana. Kugombana wanagombana watu wawili."

"Mama, mukwe wako alishapita hapa kabla yako. Anasema walileta fanta, ulikunywa."

"Sikunywa."

"Sasa ilienda wapi?"

"Ndani ya gitaa yake."

Mtu wa mbuzi akacheka. Afisa hakucheka. Alichana karatasi, akachukua nyingine, akaiweka sawa mbele yake. "Sema pole pole basi. Mukono gani?"

"Wa kushoto."

"Iko tofauti gani, kushoto na kulia? Kuvunja ni kuvunja."

Gitaa halikuwepo, kwa hiyo niliutumia ubao wa benchi. Nikauweka mkono wangu wenye bendeji juu yake, nikamwonyesha: huu wa kulia unapiga tu, hata fimbo inaweza kupiga. Huu wa kushoto ndio unaochagua. Kidole hiki kikishuka ni fa moja, kikipanda ni fa nyingine, na ile nyingine ndiyo wimbo wangu. Sasa hakishuki tena. Ninayobaki nayo ni ile nyingine tu, ile aliyotaka kuifuta. Nilimwambia kwamba mume wangu ni mpiga gitaa, na kwamba mtu aliyeshikwa na hasira anavunja anachokikuta. Huyu alishika mkono, akauangalia, akaurudisha, akachukua mwingine.

Afisa akaanza kuandika, na safari hii aliandika kirefu, ulimi umetokeza kidogo pembeni mwa mdomo. Alipomaliza alinisomea kwa Kiswahili, anatafsiri anavyokwenda, kidole chake kikifuata mistari:

"Mulalamikaji anasema kwamba Alhamisi, nyumbani kwao Kinama, mume wake alimuvunja kidole cha kati cha mukono wa kushoto kwa mulango wa chuma. Anasema hapakuwa upepo. Anasema alishika kwanza mukono wa kulia, akauacha. Anasema hajakunywa. Anasema mume wake anajua gitaa, na alijua ni kidole gani." Akanyanyua macho. "Iko kitu ingine?"

"Andika na wimbo ni wangu."

Akaandika. Nikatia sahihi kwa mkono wa kulia.